Pikapu Inayolia kama Cherehani ya Mama

Mji wa Kale, Mombasa
12 Machi 1995

Ndugu yangu Muhdhar,

Pokea salamu za Idi, na za baada ya Idi, maana kadi yako imefika watu washamaliza mpaka makombo ya kaimati. Sisi hatujambo. Ruweida wangu amekhitimu msahafu, na tangu siku hiyo hatuambiliki humu ndani, kila neno yuwasahihisha. Mama hajambo. Kifua chake ni kile kile, chaja chaenda, na ukimwambia apumzike yuwakujibu kuwa leso za watu hazijipindi zenyewe. Wenye maduka ya Biashara Street wamletea mafurushi kama kwamba Mombasa nzima hakuna cherehani nyingine. Bi Tumu, mamake Jamaldin mkaaye naye huko, akuulizia kila akija.

Sasa nikupe lililonikalisha kitako. Pikapu ya marehemu Baba yalia. Si honi, si breki, ni injini yenyewe. Ilianza siku tulipopeleka sufuria za arusi Tudor. Nilikuwa nimekaa mbele na Ishaq, nikamwambia, "Bwana, wasikia?" Kanambia ni sufuria zagongana nyuma. Tukazishusha sufuria zote na majamvi yote, na mlio ukabaki pale pale.

Wajua hali yetu. Sufuria zile za kupikia arusi za watu ndizo chakula chetu, na bila gari sufuria hazendi popote. Siku zote namwambia Ishaq kwamba pikapu hii ni mke mwenzangu, tena zamu zake ni nyingi kuliko zangu. Basi sasa mke mwenza amepata kikohozi, na bwana hali hanywi. Fundi mmoja kasema ni ekzosi. Wa pili kasema ni petroli chafu. Chonga, yule wa Majengo, hajasema neno, yuwataka kwanza tumwachie gari ailaze.

Lakini mtu tumwaminiye ni wewe. Mpaka leo watu wa mtaa huu wahadithia ulivyokuwa ukiiba mwiko wa pilau wa Mama, ukaweka ncha moja kwenye injini na ya pili sikioni, ukamwambia mwenye gari ugonjwa wake kabla hujafungua hata parafujo. Haya, huu ndio mlio wenyewe: ni kama cherehani ya Mama akishona. Vile vile, haipungui haizidi.

Twambie tuendeshe au tusimame. Miezi hii ndiyo ya arusi na miadi imejaa.

Ni mimi dadako,
Mwanaesha


Maskati
5 Aprili 1995

Dada Mwanaesha,

Nimeipokea barua yako kwa mikono miwili. Mimi mzima, kazi ni ile ile, joto ni lile lile. Mpe Ruweida hongera za mjomba wake, mwambie na mimi anisahihishe. Mshike Mama mkono, umbusu kichwa. Kifua chake anywe tangawizi na asikae dirishani kwenye upepo. Na kadi ya Idi usinilaumu mimi, laumu Posta.

Dada, umenicheka kuhusu mwiko lakini umesahau kusema nilivyochapwa nao. Pilau ya wiki nzima ilinuka oili.

Kuhusu gari, umenieleza vizuri kuliko fundi. Cherehani ya Mama! Utoto wangu wote nimeukalia chini ya meza ile, nikiokota nyuzi huku miguu yake ikikanyaga. Tiki tiki tiki, nyepesi, kavu, haina mshindo. Basi huo ni mlio wa juu ya injini. Ni tapeti, vile vyuma vidogo vinavyofungua na kufunga njia za hewa. Vikilegea hupiga kelele nyingi lakini havimuui mtu. Chonga avikaze kwa kipimo, kazi ya kikombe kimoja cha kahawa. Asifungue chini hata kidogo. Mafundi hawa wakiona injini huona hamu ya kuitoa matumbo.

Endesheni, wala msikose arusi hata moja. Msalimie shemeji Ishaq, mwambie mke mwenzako hana ugonjwa, ana maneno tu.

Nduguyo akupendaye,
Muhdhar


Mji wa Kale
23 Aprili 1995

Muhdhar ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Twashukuru, tungali twavuta pumzi. Mvua zimeanza, dari ya ukumbini yavuja pale pale ulipokuwa ukiweka karai. Mama ameacha kukaa dirishani siku moja tu kwa ajili yako, kisha karudi, yuwasema ndani hakuna mwangaza.

Tapeti zimekazwa. Mlio haukuondoka. Chonga aliweka kiganja chake ubavuni mwa injini akatikisa kichwa, kasema, "Mama Ruweida, huu watoka chini. Nipeni nifungue karai ya oili niangalie beringi." Ishaq kamkatalia papo hapo. "Muhdhar amesema chini kusifunguliwe." Chonga kasema Muhdhar yuko Maskati na gari iko Majengo. Ishaq kamwambia masikio ya Muhdhar yafika mpaka Majengo. Basi Chonga kapangusa mikono, kasema, "Haya, msikilizeni huyo." Kanuna, na haki yake.

Mimi nikaona maneno hayatoshi. Kwa kuwa Jamaldin yuwarudi huko wiki hii, tumekutilia injini ndani ya kaseti kama watu watiavyo salamu. Ishaq kafungua boneti hapo nje, tukaiweka redio juu ya madigadi, watoto tukawafukuza, nao wakarudi, tukawafukuza tena. Utawasikia. Kisha nani akashuka? Mama, na buibui lake, ngazi moja moja. Nikataka injini izimwe apate kusema. Kakataa. Katwambia tuiwache ilie, na sote twende ndani, hata Ishaq. Kainama na mdomo wake karibu na redio kasema muda mrefu. Nilipomwuliza amesema nini, kanijibu, "Kwani kaseti ni yako?"

Basi sikiliza, utwambie. Ishaq hatafungua chochote mpaka neno lako lije.

Akuombeaye kila swala,
Mwanaesha


Maskati
1 Juni 1995

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii itawakuta salama, na Idi ya kuchinja imepita kwa heri. Sisi tulichinja, tukapika pilau, Jamaldin aliunguza. Mimi mzima kabisa. Mwambie Mama halua niliyompa Jamaldin awaletee iliyeyuka huku huku alipoahirisha safari, nitatuma nyingine.

Kaseti imefika. Nimeisikiliza tena na tena. Rai yangu haijabadilika, ni tapeti, na huenda Chonga hakuzikaza sawasawa kwa kuwa alikuwa amenuna. Mwambie arudie.

Lakini hebu dada, nieleze tena kwa maneno yako. Wausikia zaidi wapi, mbele au chini ya miguu? Mkipakia mzigo huwaje? Asubuhi na mchana ni mamoja? Usichoke, andika kila kitu, hata kile unachoona ni upuzi. Redio huubadilisha mlio kidogo, ndiyo maana nauliza.

Maneno ya Mama nimeyapata na yamenifurahisha moyo. Mwambie nashukuru sana, Mungu amweke.

Mdogo wako,
Muhdhar


Mji wa Kale
25 Juni 1995

Muhdhar,

Salamu zako zimefika na Mama hajambo. Ruweida ameanza kujifunza kupinda leso, apinda vibaya na Mama azifumua kimya kimya asimvunje moyo. Bi Tumu alikuwa na homa, ashapoa.

Mdogo wangu, nakupenda lakini leo umenikera. Wataka maneno ya nini na sauti unayo? Tuliipeleka injini mpaka mlangoni pako! Mimi si fundi, nikianza kuandika mbele na chini na asubuhi na mchana nitakupoteza. Sikiliza kaseti. Chonga karudia tapeti mbele ya macho ya Ishaq, na mlio umezidi. Tukienda Kizingo kupeleka vyombo, wenyeji wafungua geti kabla hatujapiga honi, wametusikia tangu barabarani.

Kuna na jambo la pili. Nilipomsomea Mama barua yako, alinambia nirudie pale paliposema juu ya maneno yake. Nikarudia. Kasema, "Sikumtumia salamu. Nilimuuliza." Nikamwambia basi nitakukumbusha. Kanikataza kabisa. "Mwache. Akinyamaza, na hilo ni jibu." Tangu hapo amekuwa na mawazo. Juzi kamwuliza Ishaq, ati gari hii ikiuzwa leo, ingali yatembea, itapata mnunuzi? Ishaq kacheka, kamwambia, "Mama, huyu ndiye atulishaye, tumuuze kwa nani?" Mama hakucheka.

Sasa mimi nimekatazwa na nakukumbusha. Ni mzee, Muhdhar, na kila tarishi akipita yeye huacha kushona. Mjibu Mama swali lake. Si kazi kubwa.

Mwanaesha


Maskati
30 Julai 1995

Dada Mwanaesha,

Wema wako haulipiki. Nisamehe kwa kukukera, sitakuuliza tena. Mimi mzima.

Mwambie Mama jibu langu ni ndiyo. Nimechelewa kwa sababu jambo kama lile si la kujibiwa mbio mbio, mtu hukaa nalo. Lakini mwambie ndiyo, kwa moyo wangu wote, na asiwe na wasiwasi tena.

Gari tieni oili nzito zaidi, mlio utapungua. Arusi zikimalizika mtaipumzisha. Mmeendesha mpaka sasa na haikufa, hiyo yenyewe ni dalili njema.

Muhdhar


Mji wa Kale
3 Septemba 1995

Ndugu yangu,

Nianze na la heri, maana ni moja tu. Nilimsomea Mama jibu lako. Kanambia nisome tena ile ndiyo. Kisha kasema Alhamdulillahi, kavaa buibui, kenda kwa Bi Tumu kwa miguu yake mwenyewe, yeye ambaye huvuka kizingiti kwa kushikwa. Karudi amechangamka, yuwasema, "Nimewafunga midomo." Midomo ya nani, sijui. Siku ile alikula vizuri. Hajambo, ni kifua tu.

Gari imekufa.

Tulikuwa twatoka na pilau ya arusi, sufuria zimejaa na zimefungwa, moto moto. Ishaq kasikia kishindo kimoja, injini ikakatika, na oili ikatapakaa barabara nzima. Chuma kimevunjika ndani kikatoboa ubavu wa injini, tundu laingia ngumi. Pilau ilifika kwa mikokoteni, imepoa, bwana arusi na wageni wamekaa majamvini wangoja. Babake bibi arusi hakutukana. Alimtazama tu Ishaq, na heri angemtukana. Walioweka miadi kwetu washaanza kuihamisha kwa watu wengine, kwa adabu, mmoja mmoja.

Chonga alikuja na Ishaq mpaka nyumbani, hakututambia. Katuonyesha kipande cha beringi, chuma chembamba kilichopinda, kimeliwa mpaka kimekuwa karatasi. Kasema hicho tu kingebadilishwa Aprili, gari ingekuwa barabarani. Kisha kauliza ni nani aliyekwambia wewe tapeti. Nikamwambia ni mimi, nilikwambia yalia kama cherehani ya Mama. Na Mama wakati ule yuko juu, ashona. Chonga kainua uso kutazama dari. "Si hii?" kasema. "Huu ndio mlio wenyewe."

Hapo ndipo nilipofahamu. Cherehani uijuayo wewe ilikuwa huku chini, juu ya sakafu ya simiti, nawe umekaa chini ya meza yake. Ulipoondoka macho ya Mama yalipungua, tukaipandisha juu dirishani. Sasa yakaa juu ya mbao, na sisi tuliopo chini twaisikia kupitia boriti. Haisemi tiki tiki. Yagonga, du, du, du, mpaka vikombe vyatikisika kabatini. Mimi nilikueleza cherehani yangu, nawe ukasikia yako.

Kosa hilo nalibeba. Lakini kaseti, Muhdhar? Kaseti ulikuwa nayo mkononi.

Ishaq yuwakaa barazani tangu asubuhi. Apangusa sufuria zisizo na pa kwenda. Nilimwambia akulaumu, ni afadhali. Apangusa tu.

Mwanaesha


Maskati
5 Novemba 1995

Dada yangu,

Sijui nikuandikie nini juu ya gari. Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Mwambie Ishaq anisamehe. Akikataa, ana haki.

Ulipopiga simu mwezi uliopita kazini kwangu nilifurahi mno kuisikia sauti yako baada ya miaka yote hii. Laini ilikuwa mbovu lakini nilikusikia. Nashukuru kwamba Mama hajambo. Nimempa Jamaldin shali ya sufu amletee, ya kijani, rangi aipendayo, ya kukinga kifua.

Jamaldin pia atakuletea ile kaseti. Redio yangu imeharibika, yatafuna kanda, naogopa itaikata. Nakuomba jambo moja. Isikilize, uniandikie alichosema Mama, neno kwa neno, usiache hata moja. Baadhi nimeyasahau, nami nataka kuwa nayo.

Mbusu Mama kichwa kwa niaba yangu.

Muhdhar


Mji wa Kale
10 Desemba 1995

Muhdhar,

Leo sikupi salamu za nyumba. Kaa chini kwanza, ndugu yangu.

Jamaldin kaja moja kwa moja kutoka safarini, hajafika hata kwao, na shali, kaseti na barua yako, kabisha hodi na kucheka, "Yuko wapi Mama yetu?" Nilimtazama nikidhani amerukwa na akili. Nikamwambia, "Jamaldin, kwani Muhdhar hakukwambia?" Kasema, "Aniambie nini?" Nilipomwambia alikaa pale pale kizingitini, kajishika kichwa. "Dada," kasema, "Muhdhar hajui."

Nikamwambia vipi hajui, mimi mwenyewe nimemwambia kwa mdomo wangu! Nilikwenda Posta na Ishaq, tukaunganishwa, karani wa huko akakuita, nikasema, "Muhdhar, Mama hatunaye, tumemzika jana alasiri." Na wewe ukanijibu, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi, nafurahi. Nisalimie Mama." Niliweka simu. Ishaq kaniuliza umesemaje, nikamtangulia nje. Nilikwambia moyoni kuwa huna moyo. Ndiyo maana sikukuandikia tangu siku hiyo, na nilidhani sitakuandikia tena maishani.

Jamaldin kalia kama mtoto. Kanambia ile homa ya mwaka juzi, uliyotuandikia kuwa ni mafua, iliondoka na masikio yako yote mawili. Kanambia hushiki injini tena, waosha magari. Kanambia kaseti hukumpa mtu akusikilizie, hata yeye, kwa kuwa ilikuwa na sauti ya Mama. Ulikuwa ukiiwasha redio ukailaza kifuani, vidole juu ya spika, ukimwambia, "Naihisi, ni tapeti."

Basi nakwambia sasa kwa maandishi, ambayo wayasikia. Mama alifariki katikati ya Oktoba. Ni kifua. Nami nilikuficha, kilikuwa kibaya tangu mwezi wa sita na kila barua niliandika hajambo. Hakuteseka siku ya mwisho. Aliwambia wageni wote waliokuja kumtazama kwamba mwanawe wa Maskati ni mzima, kampelekea neno na neno limerudi.

Na hili ndilo ulilotaka. Tumeisikiliza, mimi na Ishaq, mlango tumeufunga. Mwanzo ni injini na watoto. Chonga hakuhitajika, hata mimi nilisikia kuwa yagonga chini. Kisha ni Mama, karibu kabisa, mpaka pumzi yake yasikika. Nimeandika kila neno.

"Muhdhar, mwanangu. Bi Tumu amenambia jambo, nami sikulipeleka mbele. Yuwasema masikio yako yamekufa. Dadako hajui na simwambii, siri yako ni yako. Kama ni uongo, nijibu, neno moja lanitosha, nami nitawafunga midomo. Na kama ni kweli, haya niyasemayo hutayasikia, na hutanijibu, nami nitajua. Nitamwambia Ishaq auze gari hii ingali yatembea, tukutumie nauli, urudi kwenu. Utakaa hapa na mimi, utanitilia uzi kwenye sindano. Mimi sikukutaka kwa ajili ya masikio, mwanangu. Haya. Wanisikia?"

Halafu hakuna neno tena. Ni injini tu yagonga, mpaka kanda yaisha.

Mama alinikataza nisikukumbushe, nikakukumbusha. Nawe ukajibu ndiyo.

Gari Ishaq ameiuza kwa kilo, kwa wanunua vyuma. Nauli hatuna, na wewe najua huna. Nimeitia kaseti ndani ya mtoto wa meza ya cherehani, pamoja na nyuzi zake. Ruweida hukaa pale akishona, nami huku chini nikisikia yagonga natoka nje.

Ukipata barua hii nijibu, Muhdhar. Lakini usinambie hujambo.

Dadako,
Mwanaesha